Saa nyingi, wakati haba: Kukusanya saa ni pambo, akiba au mghafala?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w), aliyeapa kwa wakati ndani ya Kitabu chake kitukufu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), jamaa zake na masahaba zake.

Katika darsa tunayofanya baada ya Swala ya Isha hapa Terrat, kusini mwa jiji la Arusha, kijana mmoja alisimama akasema: "Ustadh, mimi nina saa kumi na moja." Waliokuwepo wakageuka kutazama ukutani, maana ilikuwa inakaribia saa tatu usiku. Kumbe hakuwa anataja wakati, alikuwa anataja idadi. Ana saa za mkononi kumi na moja, zote za jamii moja, yaani saa za wazamiaji za mitindo ya zamani ambazo makampuni yanazitengeneza upya na kuziuza kwa idadi maalumu. Watu wakacheka. Akaendelea: "Sinywi pombe, sichezi kamari, wala sikukopa kwa riba. Nimezinunua kwa jasho langu. Je, nina kosa? Na kama sina, mbona nikifungua kasha lake moyo hautulii, na Swala ya Asri bado nachelewa?"

Kicheko kikaisha. Nilimjibu kwa ufupi siku ile, lakini nimeona swali lake linastahiki jibu refu, kwa sababu linawahusu hata wengi wasio na saa moja mkononi. Badala ya saa, wengine weka simu, viatu, manukato, abaya za Dubai au makochi ya sebuleni. Ugonjwa ni mmoja.

Saa iliyotengenezwa kuhesabu pumzi

Kwanza tukijue tunachokizungumzia. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, uzamiaji kwa mitungi ya hewa ulienea, na mzamiaji alihitaji kujua jambo moja kabla ya mengine yote: amekaa chini muda gani, na hewa yake itamtosha muda gani. Mwaka 1953 kampuni ya Blancpain ya Uswisi, ikishirikiana na wazamiaji wa jeshi la Ufaransa, ilitoa saa iliyoitwa Fifty Fathoms. Kwa Kiswahili jina hilo ni Pima Hamsini, kipimo kile kile ambacho wavuvi na manahodha wa pwani yetu hupimia kina cha bahari, sawa na mita 91 hivi. Rolex nao wakaleta Submariner miaka hiyo hiyo, na Seiko ya Japani ikatoa saa yake ya kwanza ya wazamiaji mwaka 1965.

Alama kubwa ya saa hizi ni pete inayozunguka pembeni ya kioo, yenye dakika sitini. Mzamiaji anapoingia majini huzungusha pete hiyo mpaka alama yake ikutane na mshale wa dakika. Kuanzia hapo anasoma muda uliopita. Katika saa za leo pete hiyo huzunguka upande mmoja tu, nao ni kinyume na mwendo wa mishale. Sababu yake ni hii: ikigongwa kwa bahati mbaya, itamwonesha mzamiaji kwamba muda uliopita ni mrefu zaidi, naye atatoka mapema. Haiwezi kumdanganya kwamba bado ana muda mwingi. Wahandisi waliona kwamba kosa la kudhani muda umebaki mchache linasameheka, ama kosa la kudhani muda umebaki mwingi linaua.

Hili si jambo la hadithi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha, Allah awarehemu waja wake. Siku mbili baada ya ajali, wazamiaji walimtoa fundi mmoja wa kivuko akiwa hai, aliyekuwa amesalimika ndani ya sehemu iliyobaki na hewa. Kwa mtu yule, dakika haikuwa namba kwenye uso wa saa. Dakika ilikuwa pumzi.

Basi hicho ndicho chombo tunachokizungumza. Tangu miaka ya 1980 kazi yake kwa kiasi kikubwa imechukuliwa na kompyuta ndogo za wazamiaji. Saa yenyewe haikufa. Ilipanda kutoka majini ikahamia kwenye makasha ya watu ambao wengi wao hawajawahi kuzama hata kwenye bwawa la hoteli.

Uzee wa kupaka, uchache wa kupanga

Wazee wetu walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Wakasema pia ya kale ni dhahabu. Wafanyabiashara wa zama hizi wameyafunga maneno haya mawili ndani ya kasha moja: wanakuuzia kitu kipya chenye sura ya kale. Baadhi ya saa hizi alama zake za kung'aa gizani hupakwa rangi ya manjano iliyofifia, ili zifanane na saa iliyopigwa na jua na chumvi kwa miaka hamsini. Saa imezaliwa jana, tayari imepakwa mvi.

Kisha linakuja suala la idadi. Ile Seiko ya 1965 ilitengenezwa upya mwaka 2017 kwa idadi ya saa 2,000 tu, kwa bei ya zaidi ya dola 3,000 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi milioni 6 kwa thamani ya wakati ule. Mwaka 2018 ikafuata ile ya 1968, saa 1,500. Mwaka 2019 ikaja ile ya 1970, saa 2,500. Na mwaka 2020 ile ile ya 1965 ikarudi tena, safari hii saa 1,100. Omega nao mwaka 2017 walirudisha saa yao ya wazamiaji ya 1957 kwa idadi ya 3,557. Kila moja ina namba yake iliyochongwa, na kila moja iliitwa toleo maalumu.

Sasa tujiulize kwa akili ya kawaida: toleo maalumu likija kila mwaka, umaalumu wake uko wapi? Sisi watu wa Arusha tunaujua uchache wa kweli. Tanzanite inachimbwa Mirerani peke yake, katika eneo dogo la milima ya Simanjiro, na hakuna kikao cha binadamu kilichoamua iwe hivyo. Huo ni uchache alioukadiria Muumba. Uchache wa toleo maalumu hukadiriwa na watu waliokaa mezani, ambao wakitaka wanaweza kesho kutengeneza mara kumi yake.

Nifanye uadilifu hapa. Sisemi makampuni haya yanafanya ihtikari iliyokatazwa. Wanachuoni wameizungumza ihtikari hasa katika chakula na mahitaji ya watu, na saa ya anasa si unga wa sembe. Idadi inatangazwa wazi, bei iko wazi, mnunuzi hakulazimishwa. Muuzaji hana la kulaumiwa katika hilo. Ninachosema ni kwamba mnunuzi ajue ananunua nini. Chuma, kioo na mashine anaweza kuvipata kwa bei ndogo sana. Sehemu kubwa ya pesa yake inalipia haraka, hofu ya kwamba akichelewa watu wengine watapata yeye atakosa. Na haraka haraka, tumeambiwa tangu utotoni, haina baraka.

Kuna kitu kingine kinachouzwa humo, nacho ni kumbukumbu. Sultan Qaboos bin Said, aliyetawala Oman tangu 1970 mpaka alipofariki Januari 2020, alikuwa akiwatunuku maafisa na watu waliomtumikia saa zenye nembo ya jambia, na miongoni mwake zilikuwamo Rolex za wazamiaji. Nyingine walipewa maafisa wa Kiingereza waliopigana vita vya Dhofar. Kwa aliyepewa, saa ile ilikuwa ushahidi: nilikuwepo, nilitumikia, nilishukuriwa. Leo saa hizo zinagombewa minadani Ulaya kwa bei ya mara nyingi zaidi ya saa kama hizo zisizo na jambia. Anayeinunua anapata jambia, ama utumishi hawezi kuupata. Vivyo hivyo anayenunua saa iliyopakwa uzee anavaa miaka ambayo hakuiishi na bahari ambayo hakuizamia.

Hoja tatu za wakusanyaji

Hoja ya kwanza ni kwamba Uislamu haukukataza pambo. Ni kweli kabisa. Katika Suratul-A'raaf (7:32) Allah (s.w) anawakemea wale wanaoharamisha mapambo aliyowatolea waja wake, na imepokewa katika hadithi kwamba Allah anapenda kuona athari ya neema yake kwa mja wake. Saa isiyokuwa ya dhahabu ni halali kwa mwanamume, iwe ya shilingi elfu kumi au milioni kumi. Hatuna haki ya kumwita mtu fasiki kwa sababu ya mkono wake. Lakini aya iliyotangulia hiyo, ile ya 31, inatuamrisha tujipambe, tule na tunywe, kisha inatukataza israfu. Halali ina mpaka wake. Na mtu mwenye mikono miwili anayemiliki saa kumi na moja lazima ajiulize hizo nyingine zinapamba nini, maana pambo lililofungiwa kabatini halimpambi mtu yeyote.

Hoja ya pili ni kwamba hii ni sanaa. Ndani ya saa hizi zisizotumia betri mna magurudumu madogo kuliko punje ya mtama, zinajijaza zenyewe kwa mtikisiko wa mkono, na binadamu aliyefundishwa hayo kafundishwa na Mola wake. Hoja hii naikubali pia. Mtu anayejua saa inavyofanya kazi, anayeweza kuifungua na kuisafisha, ana elimu, na mafundi saa wenye ujuzi huo wanazidi kupungua mitaani. Laiti vijana wetu wangeijua kazi hiyo badala ya kujua bei tu! Lakini anayependa ufundi, saa moja inamtosha kustaajabu umri mzima. Anayehitaji kumi na mbili hastaajabii tena ufundi. Anahesabu.

Na kuhusu kuhesabu, Qur'an imeshasema. Suratul-Humaza (104:2-3) inamtaja mtu aliyekusanya mali na kuihesabu, akidhani mali yake itambakisha milele. Tuzingatie: kosa halikutajwa kuwa ni wizi wala riba. Limetajwa kukusanya, kuhesabu, na dhana ile ya kubaki. Katika Suratut-Takaathur (102:1-2) tunaambiwa kwamba kushindana kwa wingi ndiko kulikowashughulisha watu mpaka wakayazuru makaburi. Wengi tunazisoma sura hizi fupi katika Swala kwa sababu ni nyepesi kuhifadhi. Maana yake si nyepesi hata kidogo.

Hoja ya tatu ndiyo inayotumika zaidi, na ndiyo yenye mtego: "Hii ni akiba. Nikiuza kesho nitapata faida." Ndugu yangu, kama ni hivyo, tufungue mlango wa fiqhi. Kitu ulichonunua kwa matumizi yako hakina zaka. Lakini kitu ulichokinunua kwa nia ya kukiuza upate faida ni bidhaa ya biashara, na bidhaa ya biashara ikifikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na ikapitiwa na mwaka, ina zaka ya asilimia mbili na nusu ya thamani yake ya sokoni. Mwenye kasha la saa za biashara la shilingi milioni 40 anadaiwa na masikini shilingi milioni moja, mwaka hadi mwaka.

Hapa ndipo ndimi zinapogeuka. Mke akiuliza kwa nini ada ya mtoto imechelewa na saa mpya imefika, anaambiwa: hii ni akiba yetu, mama fulani, subiri uone. Mwezi wa Ramadhani ukiingia na hesabu ya zaka ikapigwa, saa zile zile zinageuka kuwa vitu vya kuvaa. Kwa mkewe ni akiba, kwa masikini ni pambo. Mtu huyu hajavunja sheria yoyote ya nchi, na huenda hajawahi kuiba hata sindano. Lakini kitu kimoja amekipa majina mawili, na kila jina amelitumia kumkimbia mwenye haki. Na kama huiuzi bali unasaidia tu kupandisha dau la rafiki yako ili mnunuzi mwingine alipe zaidi, hiyo ni najshi, na Mtume (s.a.w) ameikataza.

Pete moja, mikono minne

Mtume (s.a.w) alikuwa na pete ya fedha. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba alipotaka kuwaandikia wafalme aliambiwa hawasomi barua isiyo na muhuri, ndipo akatengeneza pete hiyo yenye maandishi ya Muhammad, Mtume wa Allah. Akawakataza watu wasichonge maandishi kama yale kwenye pete zao. Hiyo ilikuwa pete ya aina yake peke yake duniani, na sababu ya upekee wake ilikuwa kulinda amana ya barua. Bei haikuwa na nafasi humo. Baada yake ilivaliwa na Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman (r.a), mpaka ikaanguka katika kisima cha Aris mjini Madina. Waliitafuta siku tatu wasiione. Pete moja, kazi moja, mikono minne. Ilipopotea ilitafutwa kwa sababu ilikuwa na kazi.

Mfano wa pili ndio hasa jibu la yule kijana aliyesema moyo wake hautulii. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa mama yetu Aisha (r.a) kwamba Mtume (s.a.w) aliswali akiwa amevaa nguo yenye nakshi, akazitazama nakshi zile mara moja. Alipomaliza aliagiza nguo ile irudishwe kwa Abu Jahm, na aletewe nguo nyingine isiyo na nakshi, kwa sababu ile ilimshughulisha katika Swala yake. Nguo ilikuwa halali. Hakusema ni haramu kwa umma wake, wala hakumlaumu Abu Jahm. Lakini ilimgusa pale ambapo yeye hakukubali paguswe, akaitoa. Na alimwomba nguo nyingine ili moyo wa Abu Jahm usivunjike.

Basi, kijana wangu, kutotulia kwa moyo wako kusikutie hofu. Hiyo ni dalili ya uhai. Uliuliza kama una kosa, ukataja vitu vitatu vya haramu ambavyo huvifanyi. Lakini Siku ya Kiyama, kama alivyotufundisha Mtume (s.a.w) katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mja ataulizwa umri wake aliumaliza katika nini, na mali yake aliichuma wapi na aliitumia katika nini. La kuchuma umelijibu vizuri. Hilo ni swali moja. Bado la kutumia, na bado la umri.

Kipimo cha kila mmoja

Kwa hiyo sitoi fatwa ya kuharamisha. Natoa maswali ambayo kila mwenye kukusanya kitu, awe mwanamume au mwanamke, anaweza kujiuliza akiwa peke yake.

Swali la kwanza: kitu hiki kina jina gani? Kama ni chombo, kitumie. Kama ni pambo, kivae, na usizidishe. Kama ni biashara, kitolee zaka. Chagua jina moja, na ulitaje jina hilo hilo mbele ya mkeo, mbele ya masikini na mbele ya Mola wako.

Swali la pili: kimenichukulia wakati gani? Asiyetoa pesa hutoa macho. Wapo wanaojua siku na dakika ambayo toleo jipya litatangazwa Tokyo au Geneva, na wanaamka usiku kulisubiri. Usiku huo ulikuwa na rakaa mbili ndani yake. Mtume (s.a.w) ametutahadharisha juu ya neema mbili ambazo watu wengi hupunjwa kwazo: afya na wasaa. Hakuna kupunjwa kukubwa kuliko mtu kuibiwa wakati wake na kitu kinachoitwa saa.

Swali la tatu: nikifa leo usiku, warithi wangu watakuta nini? Watakuta kitu watakachokivaa na kuniombea dua, au watakuta kasha la mabishano na deni la zaka?

Kwa aliye na kasha lililojaa, njia iko wazi na si ngumu. Abakishe moja anayoipenda, aivae, ikwaruzike kwa kazi, izeeke kwa haki pamoja naye, imrithi mwanawe ikiwa na mvi za kweli. Nyingine akimpa mdogo wake anayeanza kazi, au mwalimu wa madrasa anayeazima saa ya simu kujua vipindi, zitarudi kufanya kazi ya saa. Nyingine akiziuza, Terrat na kata za jirani hazikosi yatima wa kulipiwa ada wala msikiti usio na tangi la maji ya udhu.

Katika misikiti yetu mingi kuna ule ubao wa saa sita za kuchora: tano za Swala na moja ya Ijumaa. Mishale yake haitembei mpaka imamu aisogeze kwa mkono. Haina mashine ndani wala haina namba ya toleo. Lakini inawasimamisha watu mamia kwa safu moja kwa wakati mmoja. Saa inayotusimamisha mbele ya Allah, hata ikiwa ya kuchora, imefanya kazi ambayo kumi na moja kabatini hazijaifanya.

Tukumbuke na ile pete ya mzamiaji, inayozunguka upande mmoja tu. Umri wetu nao ni hivyo. Tumeshuka majini na hewa ya kuhesabiwa, na hakuna anayejua mtungi wake umebakiza kiasi gani. Mwenye akili hutoka mapema.

Tunamuomba Allah (s.w) atujaalie tuwe wenye kuvimiliki vitu, wala visitumiliki, na atubarikie wakati uliobaki. Wallahu a'alam.